Betri ya Shangazi na Vifaa "Visivyo na Waya"

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya wiki kadhaa. Sijaishiwa maneno, la hasha! Nilikuwa njiani. Nimetoka Katesh, wilayani Hanang, kumsindikiza shangazi yangu kliniki, na kabla ya hapo nilikuwa Arusha nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikimsikiliza mhandisi mmoja msomi akieleza utafiti wake. Mambo haya mawili yamegongana kichwani na tangu hapo sijatulia. Leo nayatoa. Atakayekasirika akasirike.

Nianze na Arusha. Mhandisi yule (jina lake nalihifadhi, sina ugomvi naye, na chai ya mapumziko alininunulia yeye) anatafiti vifaa tiba vinavyopandikizwa ndani ya mwili wa mtu na kuwasiliana na nje bila waya. Betri za moyo. Vifaa vya kusikia. Vidude vya kupima presha au sukari vikiwa ndani kwa ndani. Yeye hasa ni mtu wa antena. Na lazima nikiri, alieleza vizuri kuliko walimu wangu wote wa fizikia. Mwili wa binadamu, alisema, ni maji ya chumvi yaliyofungwa kwenye ngozi, na maji ya chumvi yanameza mawimbi ya redio. Ukiweka ndani ya kifua antena inayofanya vizuri hewani, inakuwa kama mtu anayekuita akiwa ameingiza kichwa kwenye pipa. Kwa hiyo unaikunja, unaizungusha kama konokono, unaipimia upya. Masafa yanayotumika zaidi ni ya megahezi 402 hadi 405, ambayo Marekani iliyatenga kwa kazi hii mwaka 1999 na nchi nyingine nyingi zikafuata. Nguvu inayoruhusiwa ni ndogo mno, ni sehemu ya milioni ya ile inayowasha balbu ya kawaida. Sauti ya mnong'ono. Umbali wake ni mita chache.

Halafu akatuonyesha picha za maabara. Hawaanzi na mtu, wala hawaanzi na mnyama. Wanakoroga maji, sukari na chumvi kwa vipimo maalum mpaka mchanganyiko ule uwe na tabia ya nyama mbele ya mawimbi ya redio, kisha wanaizamisha antena humo. Mimi nikanong'ona kwa jirani yangu: si ndio ORS hiyo? Tukacheka kama watoto wa shule.

Mwisho tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, tena kwa nguvu. Kisha akasimama dada mmoja, muuguzi, akasema anafanya kazi upande wa Mbulu. Akauliza swali la maneno machache: "Sasa huyo mgonjwa wangu akishawekewa, akirudi kijijini, nani anakisoma hicho kifaa?"

Mhandisi akatabasamu. Akasema hilo ni swali zuri sana, ila liko nje ya mawanda ya utafiti wake.

NJE YA MAWANDA YA UTAFITI. Nimeyaandika kwa herufi kubwa kwa sababu ndiyo yaliyonifukuza usingizi. Jioni ile mimi mwenyewe, mwandishi mahiri, nilituma gazetini habari yenye kichwa kilichosema teknolojia sasa itawafikia wa vijijini. Swali la muuguzi sikuliweka. Nafasi haikutosha, nilijiambia. Nafasi ilitosha, wadau. Nilichokosa ni akili.

Sasa twende kwa shangazi.

Shangazi yangu anaishi nje kidogo ya Katesh, chini ya mlima Hanang. Alianza kuanguka mwaka 2017. Anatembea, ghafla yuko chini, dakika moja anafumbua macho anauliza kwa nini mmemzunguka. Wengine walisema kifafa, na si ajabu kusema hivyo kule. Mbulu na Hanang kifafa ni ugonjwa wa kila kijiji, na watafiti waliofanya kazi Haydom kwa miaka mingi wameonyesha kwamba sehemu yake inatokana na mayai ya tegu wa nguruwe yanayoingia mwilini na kuishia kwenye ubongo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walipita Mbulu wakikagua ndimi za nguruwe walio hai, na katika kila nguruwe 100 waliwakuta kama 17 wana malengelenge ya tegu. Kwa hiyo shangazi alipewa dawa za kifafa miezi kadhaa, akaendelea kuanguka vilevile, mpaka daktari mmoja kijana alipomshika mkono, akahesabu mapigo, akahesabu tena, akatoka kumwita mwenzake. Mapigo yalikuwa 30 na kitu kwa dakika. Nyaya za asili ndani ya moyo wake zilikuwa zimekatika. Chumba cha juu cha moyo kinapiga, cha chini hakisikii.

Mwaka 2018 akawekewa betri ya moyo katika hospitali moja kubwa Dar es Salaam. Tulichangishana ukoo mzima. Kadi yake ya CHF iliyoboreshwa, ile ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, ilikuwa inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Baada ya pale mtu unabaki na ndugu zako.

Nisieleweke vibaya. Betri ile inafanya kazi. Shangazi hajaanguka tena hata siku moja. Analima, anakamua, ananitukana kwenye simu kwamba sijaoa. Nikifika nasema "Shikamoo shangazi," anajibu "Marahaba mwanangu, mbona umekonda, huko Dar hamli?" Bila kile kidude kidogo kifuani kwake ningekuwa nazungumza na kaburi. Ndiyo maana makala hii si ya wale wanaosema watu wa vijijini wapewe vyoo kwanza, haya mambo ya betri ni ya wazungu na vigogo. Hao nitawarudia.

Tatizo ni kinachofuata. Betri ya moyo si msumari kwamba ukishagongelewa umemaliza. Ni kompyuta. Inahitaji kusomwa: betri imebaki kiasi gani, waya ulioingia moyoni umekaa vizuri, nguvu inayotoa inatosha au inazidi. Ikizidi, betri inaisha mapema. Ikipungua, unaanguka. Kuisoma kunahitaji mashine maalum, na hapa sikilizeni vizuri, kila kampuni ina mashine yake, na mashine ya kampuni hii haisomi betri ya kampuni ile. Ni kama kila gari lingekuwa na petroli yake.

Kwa hiyo kila baada ya miezi 6 shangazi anapanda basi la alfajiri Katesh, Singida, Dodoma, Morogoro, anaingia Dar usiku miguu imevimba. Tunalala gesti. Kesho yake foleni. Saa sita mchana muuguzi anamwekea kifuani kitu kama kipanya cha kompyuta, anaangalia skrini, dakika 10 zimekwisha. "Iko vizuri mama, tuonane baada ya miezi sita." Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, gesti, chakula. Shangazi anahesabu kwa lugha yake: kila kliniki ni mbuzi wawili. Safari moja tulifika tukaambiwa mashine ya betri za aina yake haipo, mwakilishi wa kampuni ameondoka nayo mkoa mwingine, turudi wiki ijayo. Wiki ijayo! Mbuzi wawili hao tayari wamekwenda.

Desemba 2023 hakwenda kabisa. Mnakumbuka tarehe 3 ya mwezi ule, tope liliposhuka kutoka mlimani likafunika Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Shangazi alikuwa na tarehe ya kliniki wiki hiyohiyo. Kadi ilikuwa kavu ndani ya mfuko wa nailoni, barabara ilikuwa tope.

Na kuna kisanduku. Sijawaambia habari za kisanduku. Wataalamu wa nje waliokuja wakati ule walimpa na kifaa cha mezani, cheupe, kizuri, cha kuweka karibu na kitanda. Usiku kinanong'onezana na betri iliyo kifuani kisha kinatuma taarifa kwa daktari kupitia mtandao. Ndiyo teknolojia yenyewe isiyo na waya! Tukakichomeka. Taa ikawaka njano. Ikaendelea kuwaka njano. Kumbe kinatafuta kompyuta ya kampuni iliyo ng'ambo, na huko namba ya shangazi haijasajiliwa chini ya hospitali yoyote inayomfuatilia. Hakuna daktari wa kupokea barua, kwa hiyo barua haiendi. Leo kisanduku kiko juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa cha kudarizi, na juu yake kuna picha ya marehemu mjomba.

Wakati huohuo, mwaka 2022, lilipopita zoezi la kuvika mifugo hereni za kielektroniki, zizi la shangazi lilifikiwa. Ofisa alikuja kwa pikipiki mpaka mlangoni. Shangazi akaniuliza kama yule bwana hawezi kumsoma na yeye hapohapo, maana naye ana hereni, ila yake iko ndani. Nilicheka. Baadaye sikucheka.

Wahandisi watasema: kijana, wewe unalalamikia mfumo wa afya, sisi tuache tutafiti. Sayansi ina hatua zake. Hoja hii naiheshimu na sitaki kuipita juu juu. Wilson Greatbatch, mhandisi Mmarekani, katikati ya miaka ya 1950 alikuwa anaunda kifaa cha kurekodi sauti za moyo, akachomeka rezista isiyo sahihi, sakiti ikaanza kupiga tik, tik, tik kama moyo. Akaenda kujifungia kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake, na kufikia 1960 betri zake zilikuwa kwenye vifua vya watu. Angeulizwa kwanza nani atazisoma Katesh, huenda asingeanza. Au mchukue Ada Poon wa Chuo Kikuu cha Stanford. Wahandisi kwa miaka mingi waliamini umeme usio na waya unaweza kupelekwa ndani ya mwili kwa masafa ya chini tu, kwa koili kubwa, karibu na ngozi. Yeye akarudia hesabu, akaona kwamba masafa ya juu zaidi, kwenye gigahezi za mwanzo, yanaweza kuingia ndani sana yakielekezwa vizuri. Mwaka 2014 yeye na wenzake wakatangaza kwamba wamepeleka nguvu kwenye kidude kidogo kama punje ya mchele, sentimita 5 ndani ya nyama, wakajaribu kwa nguruwe, wakauendesha moyo wa sungura. Hakuna betri ya kubadilisha! Ni kazi ya kuvua kofia, na mimi navua.

Lakini sasa rudini mwanzo kabisa, Sweden, Oktoba 8, 1958. Mgonjwa ni Arne Larsson, ana miaka 43, anaanguka mara 20 na zaidi kwa siku. Ugonjwa wa shangazi huohuo. Mkewe, Else-Marie, anamng'ang'ania daktari Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist mpaka wanakubali kutengeneza kitu ambacho hakijawahi kuwekwa ndani ya mtu. Elmqvist anaunganisha transista mbili, anaweka betri ndogo ya kuchajiwa, anamwagia gundi ngumu juu yake. Kalibu yake? KOPO LA KIWI. La dawa ya viatu. Na betri ile ilichajiwa kutoka nje, kupitia ngozi, bila waya! Kwa hiyo msidanganywe kwamba "bila waya" ni jambo la juzi. Kifaa cha kwanza kabisa duniani kilikuwa nacho.

Kifaa kile kilikufa baada ya saa chache.

Wakaweka kingine. Nacho kikafa. Larsson aliishi mpaka Desemba 2001, akafa na miaka 86, amewazika mhandisi wake na daktari wake, na katika maisha yake alitumia betri 26. Fanyeni hesabu. Mara 25 kulikuwa na mtu wa kugundua kwamba kifaa kimechoka na mtu wa kukibadilisha, na hospitali iliyokuwa mwendo wa kawaida kutoka nyumbani. Hilo kopo la Kiwi ndilo tunalosimuliwa. Zile mara 25 hatusimuliwi. Na shangazi alipewa kopo.

Wala msidhani hili ni tatizo la Hanang tu, kwamba kwa wenzetu mambo yamenyooka. Kuna kampuni ya Marekani, Second Sight, iliyotengeneza jicho la kielektroniki, Argus II. Miwani yenye kamera, inatuma picha bila waya hadi kwenye kipandikizi nyuma ya jicho, kipofu anaona vivuli na mwanga. Mwaka 2013 Marekani ikakiidhinisha. Zaidi ya watu 350 duniani wakawekewa. Mwaka 2019 kampuni ikaacha kukitengeneza, 2020 ikawaachisha kazi karibu wafanyakazi wake wote, na watu wale wakabaki na chuma ndani ya macho bila fundi, bila vipuri, bila wa kumpigia simu. Habari ilipochapishwa mwanzoni mwa 2022 dunia ilishtuka. Marekani, wadau! Kwenye mabwawa ya pesa! Sasa nani anatuhakikishia kwamba kampuni ya betri ya shangazi itakuwa inapokea simu kutoka Katesh mwaka 2035?

Nimewaahidi kuwarudia wale wa "vyoo kwanza". Hoja yao inasikika ya kizalendo lakini ina kiburi ndani yake. Inasema mwanakijiji anaruhusiwa kuugua magonjwa ya kimaskini tu. Ahare, apate malaria, hapo tutamsikiliza, ila moyo wake usikatike nyaya maana hiyo ni anasa. Vyoo Mbulu vinahitajika, ndiyo, na dawa ya fenobabitoni ya kifafa, ambayo dunia inayo tangu 1912, inahitajika isikosekane zahanati. Hilo halimfanyi shangazi asiwe na moyo. Na waulizeni wazazi wa watoto waliowekewa vipandikizi vya kusikia Muhimbili tangu huduma ile ianze hapa nchini mwaka 2017, badala ya kupelekwa India. Mtoto aliyezaliwa kiziwi anageuka akiitwa jina. Kile nacho hakina waya: sumaku na koili nyuma ya sikio zinapeleka sauti na umeme kupitia ngozi hadi ndani. Ni ajabu tupu. Lakini sehemu ya nje ina kawaya kembamba kanachokatika, na mtoto wa miaka 4 anacheza kama watoto wote wanavyocheza. Kawaya kakikatika, mtoto anarudi kwenye ukimya siku hiyohiyo, na upasuaji wote ule umesimama hadi kawaya kapatikane. Kako dukani gani Mbulu mjini?

Watu wa Hanang wanaijua hadithi hii vizuri kuliko maprofesa. Wazee wa Basotu watawaambia habari za mashamba ya ngano ya NAFCO na msaada wa Kanada, kuanzia miaka ya 1970. Kombaini kubwa kama nyumba, ekari karibu laki moja, ngano kama ya Saskatchewan chini ya mlima Hanang. Wabarbaig waliondolewa kwenye malisho na kwenye makaburi ya wazee wao. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, kikashinda Mahakama Kuu mwaka 1984, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikabatilisha. Msaada wa Kanada ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashamba yakadhoofu. Kombaini hazikuwa mbovu. Zilikuwa kombaini nzuri sana. Aliyezipanga alihesabu ekari na magunia, na watu pamoja na vipuri vikabaki... naam, nje ya mawanda.

Basi mnaniuliza, wewe mpiga kelele unataka nini? Nataka maswali yabadilike, na nina ushahidi kwamba yanaweza kubadilika kwa sababu yamebadilika hapahapa kwetu.

Tazameni Mbale, Uganda. Benjamin Warf, daktari Mmarekani wa upasuaji wa ubongo, alifanya kazi pale kwenye hospitali ya watoto wenye vichwa vikubwa. Mtoto anawekewa mrija ndani ya mwili wa kutoa maji kichwani. Mrija wa kimagharibi dola 650. Mrija wa Kihindi, Chhabra, dola 35. Kila mtu aliamini wa bei rahisi ni wa hovyo. Yeye akaupima kwa watoto 195, akawafuatilia mwaka mzima, na mwaka 2005 akaandika: hakuna tofauti. Hakuishia hapo. Akauliza swali la kijijini: mrija ukiziba usiku na mama yuko mbali, itakuwaje? Akatengeneza njia ya upasuaji ambayo watoto wengi hawahitaji mrija kabisa. Huo nao ni utafiti! Tena wa hali ya juu, Marekani yenyewe imeuiga.

Au hili la mitumba. Ndiyo, mitumba ya moyo. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Thomas Crawford na wenzake, wanachukua betri kutoka kwa marehemu kwa ridhaa ya familia, zile zenye miaka ya kutosha iliyobaki, wanazisafisha na kuzitakasa. Wakazijaribu katika nchi 7, Kenya ikiwemo, kwa wagonjwa karibu 300, nusu wamepewa mpya na nusu za mitumba. Novemba 2024 wakatangaza kwamba katika siku 90 za mwanzo za mitumba hazikuwa na shida zaidi ya mpya. Nilipomsimulia shangazi alinyamaza kidogo, akauliza: "Na huyo marehemu alikuwa mtu mwema?" Nikamwambia sijui. Akasema basi haidhuru, moyo wenyewe ni wake.

Na Haydom yenyewe, hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa na Wanorwe mwaka 1955 huko ndani kabisa Mbulu. Kifaa cha Moyo, hivyo ndivyo kinavyoitwa duniani kote kwa Kiswahili chetu, cha kufungwa tumboni kwa mama anayejifungua ili kusikiliza mapigo ya mtoto, kilitengenezwa na Wanorwe wa Laerdal kwa kuwasikiliza wakunga wa Tanzania na kikajaribiwa Haydom na Muhimbili. Kinavaliwa nje, hakipandikizwi, najua. Angalieni lakini kilivyofika. Kilifika pamoja na mafunzo ya kila wiki, pamoja na takwimu zinazorudi kwa mkunga mwenyewe. Mradi uliokua kutokana na kazi ile uliingia vituo 30 katika mikoa 5, Manyara ikiwemo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za mwanzo vimepungua kwa asilimia 18, na vya akina mama kwa takribani robo tatu. Hapo swali la yule muuguzi lilikuwa ndilo utafiti.

Kwa hiyo mhandisi wangu wa Arusha, nakuomba kwa heshima. Antena yako ni nzuri. Mwanafunzi wako anayefuata mpe kazi nyingine: mashine moja ya mkononi inayosoma betri za kampuni zote. Najua makampuni yanaficha lugha ya vifaa vyao. Yanasema ni usalama, na kweli mwaka 2008 Kevin Fu na wenzake walionyesha kwamba kipandikizi cha moyo kinaweza kuingiliwa na mtu baki kwa redio. Lakini usalama usiomruhusu hata daktari wa Babati kusoma moyo wa mgonjwa wake ni usalama wa nani? Wa soko. Mpe mwingine kazi ya kisanduku kisichodai kompyuta ya ng'ambo, kinachotuma ujumbe mfupi wa simu wa kawaida, ule tunaotumia kutumiana hela ya mbolea. Mnong'ono wa mita chache ukikutana na simu ya tochi, shangazi hana haja ya kufika Dar ila kuna tatizo.

Na wizara, msipokee tena betri wala kipandikizi chochote cha msaada kisichokuja na mashine ya kukisoma na fundi aliyefundishwa, akakaa walau hospitali ya mkoa. Tunawasomesha mafundi wa vifaa tiba kwenye vyuo vyetu wenyewe, kisha wanaishia kufungua mashine za fotokopi. Mwenye msaada akikataa sharti hilo, aambiwe asante, arudi nao. Najua hili linauma, kwa sababu siku mzigo ule unarudishwa bandarini kuna shangazi wa mtu mwingine yuko chini, amezungukwa na watu. Nimelifikiria sana. Bado nasema sharti liwekwe, ila wizara isisubiri mfadhili alitimize. Mashine moja ya kusomea haizidi bei ya shangingi moja, tena shangingi tunazo.

Nasi waandishi tuna letu. Ile habari yangu ya makofi ilisomwa na wengi kuliko zote nilizoandika mwezi ule. Nimemtafuta yule muuguzi wa Mbulu nimwombe radhi, nimepata namba yake kwa mzunguko. Aliniambia hakuisoma. Alikuwa zamu.

Betri ya shangazi sasa ni ya miaka mingi. Za aina ile huwa zinakaa kati ya miaka 7 na 12. Safari hii muuguzi hakusema "iko vizuri mama." Aliangalia skrini muda mrefu, akaandika tarehe ya miezi 3 badala ya 6, na akanivuta pembeni kuniuliza kama familia imejiandaa. Kwenye basi la kurudi shangazi alilala kuanzia Dodoma. Nilikaa nikihesabu mbuzi.